Makumbusho ya viungani: kuchagua na kuzunguka na watoto bila kuchoshana

Wazo la kupeleka watoto makumbusho likija, wengi hukimbilia lile jumba kubwa la katikati ya jiji. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka tisa au kumi, jumba dogo la mji wa viungani mara nyingi linafaa zaidi. Foleni ni fupi, mlango wa kutokea huwa mmoja, na anayeongoza wageni ana nafasi ya kujibu swali lile lile mara tatu. Tatizo ni kwamba majumba haya hayafanani kabisa, na kibao cha nje hakikwambii kama ndani mna vya kushika au mna kamba tu za kuwazuia wageni.

Kwa hiyo uliza kwanza mtoto ataruhusiwa kufanya nini. Kilichohifadhiwa humo kije baadaye. Makumbusho ya reli na magari ndiyo rahisi kwa familia yenye watoto wa umri tofauti: vitu ni vikubwa, havihitaji kusomewa, na kuna ngazi za kupanda. Ila injini za mvuke hazichemshwi kila siku. Ukienda siku isiyo yake utakuta chuma kimelala, na kulia mtalia wote. Makumbusho ya sayansi ni mazuri mpaka ukute nusu ya vitufe havifanyi kazi, jambo la kawaida kwa kuwa vifaa hivyo hupigwa na mikono ya watoto kuanzia asubuhi hadi jioni. Nyumba za kihistoria ndizo ngumu kwa walio chini ya miaka mitano: kamba milangoni, ngazi nyembamba, kigari cha mtoto kinaachwa nje. Makumbusho ya watoto yenyewe si wazo jipya, la Brooklyn, New York, lilifunguliwa mwaka 1899, lakini aliyevuka miaka minane hivi huona ni ya wadogo. Wa umri huo mpeleke kwenye reli.

Piga simu kabla ya kutoka. Tovuti za majumba madogo huchelewa kubadilishwa, na mengi hufungwa Jumatatu au hufunguliwa wikendi tu. Uliza: kuna kikundi cha shule siku hiyo? Mwisho wa kuingia ni saa ngapi (huwa nusu saa au saa nzima kabla ya kufunga)? Kigari kinaingia? Mtu akitoka kula anaruhusiwa kurudi kwa tiketi ile ile? Vikundi vya shule hujaa kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, hivyo siku za kazi njoo saa nane. Wikendi wahi mlango ukifunguliwa.

Tiketi ya familia isikudanganye. Kwa kawaida imepigwa hesabu ya watu wazima wawili na watoto wawili. Mzazi mmoja mwenye mtoto wa umri wa kuingia bure anaweza kulipa pungufu akinunua yake peke yake. Uanachama wa mwaka nao upimwe hivi: gawanya ada ya mwaka kwa gharama ya familia yenu kuingia siku moja. Ukipata 2 au 3, lipa bila kusitasita. Faida yake hasa haiko kwenye fedha. Aliyelipa kwa siku hung'ang'ania watoto wamalize vyumba vyote ili hela isipotee, na hapo ndipo siku huharibika. Mwanachama anaondoka baada ya dakika 40 na roho yake safi.

Uchovu wa makumbusho una sababu zake. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, wa makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani, alichapisha picha za mtu akiinama, akijipinda na kuchuchumaa ili aone vitu na kusoma maelezo yaliyowekwa vibaya. Mtoto ana taabu hiyo maradufu. Maelezo yamebandikwa kwenye usawa wa macho ya mtu mzima, na kioo cha kabati kinammulika taa usoni. Chuchumaa uangalie kutoka alipo yeye. Mara nyingi utagundua haoni chochote zaidi ya mwanga. Msogeze hatua mbili kando, au mnyanyue.

Chumba chenye nguo au karatasi za kale huwa na giza kwa makusudi, kwani vitu hivyo kwa kawaida humulikwa kwa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), la sivyo rangi hupauka. Wadogo huogopa. Simameni mlangoni dakika mbili tatu macho yazoee. Mwambie na sababu ya kutogusa: jasho la vidole lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole inaweza kubaki kwenye shaba. Mtoto aliyeelezwa hutulia kuliko aliyekemewa. Chakula nacho hukatazwa kwa sababu makombo huita wadudu, na kuna wadudu wanaokula nguo na mbao. Basi aende chooni na ale kabla ya kuingia, asisubiri njaa imshike katikati.

Chagueni vitu vitatu tu. Njia nyepesi ni kupitia dukani kwanza, sio mwisho: nunua kadi mbili tatu zenye picha za vitu vilivyomo, mtoto avitafute. Akikipata, kaeni hapo dakika tano. Chukua cherehani ya kukanyaga, ambayo karibu kila nyumba ya kihistoria inayo. Usianze na mwaka wala mwenye nyumba. Mwulize nguvu inaingilia wapi. Aanze na kanyagio chini, afuate fimbo inayolisukuma gurudumu kubwa, apande na mkanda hadi gurudumu dogo la juu. Kisha mwulize: kubwa likizunguka mara moja, dogo litazunguka mara ngapi? Akadirie kwa macho. Halafu achore, kwa penseli. Kalamu za wino hukataliwa sehemu nyingi kwa kuwa doa la wino halitoki. Beba kadibodi ngumu ya kuegemeza karatasi, asije akaegemea kabati. Vile vifaa vya kusikiliza maelezo masikioni waachie wakubwa, maana wadogo huishia kubonyeza namba tu.

Asubuhi hiyo mpige mtoto picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo, na mkubaliane sehemu moja ya kukutana, kwa mfano kaunta ya tiketi. Akipotea, mlinzi atahitaji picha kuliko maelezo yako ya haraka haraka.

Muda wa kuondoka ni pale anapoanza kupita vitu bila kusimama, kabla hajaanza kukimbia. Mkiwa mnatoka, uliza kaunta maonyesho yatabadilishwa lini na injini itawashwa tarehe gani. Makumbusho mengi yana vitu vingi stoo kuliko vilivyo mbele ya wageni, kwa hiyo chumba mlichokiruka leo huenda kikawa na vingine kabisa mtakaporudi.