Wastajere wa fakture, tuongee kuhusu grupe ya damu

Wadogo zangu, mituweli, yaani bima ya afya ya wagonjwa wetu, imeturudishia tena fungu la fakture, na nyingi ni za grupe ya damu. Nawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Fuateni rejista ya labo. Boni ya daktari inaonyesha kilichoombwa. Sisi tunalipisha kilichofanywa.

2. ABO na Rezusi (A, B, AB au O, chanya au hasi) ni kipimo kimoja, fenotipu (antijeni nyingine, yaani alama za juu ya chembe nyekundu) ni kingine. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapoumiza watu. Mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, anayeongezewa damu kila mara hutakiwa kupimwa antijeni C, c, E, e na Kell (K), mwili wake usije ukatengeneza kingamwili dhidi ya damu anayopewa. Tulimpokea mmoja hapa Bukavu. Labo ikapima antijeni zote tano, na ofisi yetu ikaandika "grupe ya damu" mara tano, tarehe ileile. Ajenti wa mituweli akaona kipimo kimoja kimelipishwa mara tano, akakata minne. Deni likamwangukia mama mtu, muuza sambaza wa Kadutu. Mtoto ameshapona, amevaa viatu, na mama yuko kwenye benchi mbele ya dirisha letu na boni ya kutoka isiyo na mhuri, akiinuka kila jina linapoitwa. Hakuwa na deni hata franka moja! Fakture ilipoandikwa upya, "fenotipu: C, c, E, e, K" na sababu ya daktari chini yake, mituweli ililipa yote. Wakati huo mama alikuwa ameshakopa sokoni.

3. Kompatibilite, kipimo cha kuona kama damu ya mgonjwa inapatana na ya pochi (mfuko wa damu), huhesabiwa kwa pochi. Pochi tatu, vipimo vitatu, hata kama ya tatu ilirudi kwenye friji.

4. Aliyeongezewa damu karibuni, sampuli yake ya kutafuta kingamwili haivuki siku 3. Kipimo kikirudiwa, andikeni tarehe zote mbili na ile ya kuongezewa damu.

5. Mama wa Rezusi hasi na kichanga chake: dosiye mbili. Damu ya kitovu ni ya mtoto. Na karatasi zisimcheleweshe mama, sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya Rezusi chanya, inatakiwa ndani ya saa 72 baada ya kuzaa. Stajere mmoja alibandika boni ya kichanga kwenye dosiye ya mama, tukawa na mzazi mmoja mwenye O hasi na A chanya. Ikabidi labo imtoboe tena usiku, ametoka kuzaa, kwa jibu ambalo rejista ilikuwa nalo tangu asubuhi.