Rubani anapenda kutua wapi, na wapi hana raha?

SWALI: Kapteni, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Muleba, na nikienda Dar es Salaam hupandia ndege Bukoba. Wanafunzi wangu wamenionyesha video za kiwanja cha Lukla, Nepal, wakisema ndicho kinachoogopwa na marubani wote duniani kwa sababu njia yake ya kurukia na kutua ni fupi mno. Je, ni kweli kwamba ufupi wa njia ndio unaowafanya mkipende kiwanja au mkichukie? Ninyi mnaorusha ndege huku kwetu mnapenda kutua wapi, na wapi hamna raha? Na abiria achague kusafiri saa ngapi?

JIBU: Mwalimu, kazi inakwenda vizuri, na nashukuru kwa swali. Wanafunzi wako hawakukosea kushangaa. Njia ya Lukla ina mita 527 tu, iko karibu mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, na imejengwa kwenye mwinamo wa karibu asilimia 12, kwa hiyo ndege hutua ikipanda na huruka ikishuka. Mwinamo huo wenyewe ni msaada mkubwa: huishika ndege inayotua na huisukuma inayoruka. Kinachomkaa rubani moyoni ni mlima ulio mwishoni mwa njia. Ukishasogea karibu kiasi fulani huwezi tena kubadili nia, kutia nguvu injini na kupanda upya, maana mbele yako ni mwamba. Utatua, uwe umeridhika au hukuridhika.

Sasa tazama London City. Njia yake ni mita 1,508, fupi kwa ndege ya jeti, na ndege hushuka kwa pembe ya nyuzi 5.5 badala ya nyuzi 3 zilizozoeleka, kwa sababu ya majengo na kelele za jiji. Ndege lazima iwe imeidhinishwa kwa pembe hiyo na rubani awe amefunzwa kwa ajili ya pale. Hata hivyo, ukiona mambo hayakukaa sawa, unapanda, unazunguka, unarudi kujaribu tena au unakwenda kiwanja kingine. Viwanja vyote viwili ni vifupi, lakini kimoja kinakuachia nafasi ya kughairi na kingine hakikuachii.

Ndiyo maana mimi, kabla ya kuuliza njia ina mita ngapi, huuliza: nikishindwa kutua hapa, nitatokea wapi? Urefu wa njia unajulikana tangu jana. Umeandikwa, umepigiwa hesabu, na kama ndege haitoshi basi tunapunguza mzigo. Mawingu, upepo na hali ya kiwanja cha akiba, yaani kile cha kukimbilia ukishindwa kutua, ndivyo vinavyobadilika ukiwa tayari uko angani.

Wewe ni mtu wa fizikia, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo kwenye suala la hewa, maana huku kwetu lina uzito kuliko urefu wa njia wenyewe. Kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, kiko mita 1,624 juu ya bahari. Siku ya joto la nyuzi 26, hewa ya pale huwa nyepesi kama hewa ya kawaida ya mita 2,400 hivi. Kipima mwendo cha ndege husoma mgandamizo wa hewa inayoipiga ndege ikiwa mwendoni, na bawa nalo hutegemea mgandamizo huohuo, kwa hiyo rubani anashuka kwa namba ileile anayoitumia Dar es Salaam. Tuseme ni kilomita 260 kwa saa. Lakini kwa kuwa hewa ni nyepesi, mwendo halisi ni karibu kilomita 293. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 13 hivi, ila nishati mwendo hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo breki zinapewa kazi iliyoongezeka kwa zaidi ya robo. Wakati wa kuruka ni shida hiyohiyo kwa upande wa pili: mwendo halisi unaotakiwa ni mkubwa zaidi, na injini, kwa kuwa inavuta hewa nyepesi, inatoa nguvu pungufu. Njia ya pale ina zaidi ya kilomita 4, na bado ndege kubwa za safari ndefu hufaidika zikiruka usiku hewa ikiwa imepoa.

Wilson, ng'ambo ya mji huohuo, kuko juu zaidi kidogo na njia zake zina takriban kilomita moja na nusu. Hapo ndipo abiria huambiwa sanduku lake litakuja na ndege inayofuata, akadhani ni uzembe. Si uzembe hata kidogo, ni hesabu hiyo niliyokuandikia. Wilson kuna jambo jingine linalotaka macho manne: msongamano. Wanafunzi wa urubani wanazunguka kujifunza kutua, ndege za watalii zinatoka kwenda mbugani, helikopta zinapita katikati, kila moja na mwendo wake. Machi 2024 ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka kuruka hapo. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Sisemi nakichukia kiwanja kile, maana sehemu kubwa ya marubani wa Kenya wamelelewa pale. Nasema tu kwamba ukiwa Wilson hakuna mazungumzo ya pembeni kwenye chumba cha rubani.

Nije kwako sasa, Bukoba. Njia ina mita 1,500 hivi, upande mmoja unaanzia ufukweni mwa ziwa, na upande wa pili kuna mji na vilima. Kwa miaka mingi kutua pale kumetegemea macho ya rubani kuiona njia, si mtambo wa kuivuta ndege ndani ya wingu mpaka chini. Na ziwa letu lina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi huku maji yakibaki na joto, basi pepo hutoka pande zote za nchi kavu kuelekea katikati ya ziwa. Zinapokutana hazina pa kwenda ila juu, na hewa ile yenye unyevu hugeuka mawingu ya radi. Halafu upepo wa kutoka mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi, yaani kwenu. Ndiyo maana Bukoba hupata takriban mara mbili ya mvua inayonyesha Mwanza, na ndiyo maana radi za asubuhi ni jambo la kawaida huko na Entebbe.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyobeba watu 43 iliangukia ziwani karibu kabisa na njia ya Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwemo. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Sisi tunaoruka njia zile hatuwezi kuutaja mji wako bila siku hiyo kurudi akilini, na naiandika kwa heshima ya waliokuwemo.

Kwa hiyo Bukoba inanikosesha raha, Mwalimu, na sitaficha. Dawa yake ni mafuta na subira. Ninataka mafuta ya kutosha kuzunguka hewani na bado kufika Mwanza, ng'ambo ya ziwa, nikiwa na akiba. Lakini mafuta ni uzito, na njia ni fupi, kwa hiyo kila lita ninayoongeza inagombania nafasi na mizigo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe tunayoifanya kwenye makaratasi kabla mlango haujafungwa.

Kiwanja kingine kilichowahi kutuumiza vichwa kwenye ukanda huu ni Goma, kabla vita havijakifunga Januari 2025. Mwaka 2002 uji wa moto wa volkano ya Nyiragongo ulimiminika mpaka juu ya njia na kuifupisha kwa karibu kilomita nzima. Volkano yenyewe, mita 3,470, imesimama kaskazini, kwa hiyo kwa kawaida ulikuwa unaingia ukitokea Ziwa Kivu upande wa kusini na kutoka kwa kuelekea kulekule ulikotoka. Upepo ukikugeukia ukatoka nyuma, ulitua hivyohivyo kama uko ndani ya kipimo cha ndege yako. Ukizidi, ulikwenda zako.

Tunapopapenda? Mimi husema Zanzibar bila kufikiri mara mbili. Njia ina zaidi ya kilomita 3, iko karibu na usawa wa bahari ambako hewa ni nzito na injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote, hakuna mlima wa kukuzuia upande wowote, na Dar es Salaam iko dakika chache tu kama kiwanja cha akiba. Njia imelala kaskazini kwenda kusini, karibu sawa na pepo zetu: wakati wa kaskazi tunatua tukielekea kaskazini, wakati wa kusi tunageuza. Kusi hasa huja kwa pembe, kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo rubani kijana anapata upepo wa ubavuni wa kutosha kujifunza kuinyoosha ndege kwa pedali za miguu bila kuhatarisha mtu.

Kilimanjaro nako ni raha, tena watu hushangaa nikisema hivyo kwa kuwa wanawaza mlima. Njia ina karibu mita 3,600, katika tambarare kati ya Moshi na Arusha. Kilele cha Kibo na Mlima Meru vipo, vinajulikana, vimechorwa kwenye ramani na havihami. Upande wa kusini ni uwazi wa nyika kadiri unavyotaka. Kiwanja cha Arusha kilicho Kisongo, kidogo na kilicho juu zaidi huku Meru ikikitazama kwa karibu, ni habari tofauti kabisa mchana wa Februari.

Kuhusu saa ya kusafiri: kwa Arusha, Nairobi, Manyara na Serengeti, chukua ndege ya asubuhi mapema, kabla jua halijapasha ardhi na kuanza kuirusharusha ndege. Kwa Bukoba kanuni hiyo hugeuka. Kukiwa na ndege ya mchana, miezi ya masika na vuli chagua hiyo, maana radi za ziwani kwenu hutawala kuanzia alfajiri na kutulia jua likipanda. Juni hadi Agosti tofauti hupungua. Na mkizuiwa Mwanza kusubiri Bukoba ifunguke, usihangaike kutafuta basi mara moja. Mara nyingi mvua hizo hupita ndani ya saa moja au mbili.