Barua kwa Mwanangu: Mpiga Dramu wa Upande wa Pili

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie. Sisi huku wazima. Juzi uliniuliza ni nani anayepiga zile dramu unazozikatakata kila ukipiga seti zako za u-DJ, na kama alilipwa. Kwenye simu nilikujibu nusunusu. Sasa nikae nikueleze.

Anaitwa Gregory Coleman. Mwaka 1969 bendi yake, The Winstons, ilirekodi huko Atlanta, Marekani, wimbo wa kumsifu baba wa kambo, “Color Him Father”. Santuri ina pande mbili, na ule wa pili ulihitaji kitu. Wakachukua “Amen”, wimbo wa kanisani, wakaupiga bila maneno, wakauita “Amen, Brother”. Katikati wenzake wananyamaza, Coleman anabaki peke yake kwa sekunde kama 7 hivi.

Sikiliza tena, taratibu. Mizunguko miwili ya kwanza anakwenda sawasawa. Wa tatu, pigo la mwisho la snea, ile ngoma yenye mlio mkali, analichelewesha, kama mtu aliyeinua mguu akasita kukanyaga. Wa nne unaanza na pengo: unangoja pigo, halipo. Halafu toazi linalia kabla hujajiandaa. Mashine haifikirii hivyo, mwanangu. Huyo ni mtu.

Upande wa kwanza ulipata tuzo ya Grammy. Wa pili ulibaki kwa ma-DJ waliochakura santuri za zamani, mpaka mwaka 1986 ulipotiwa kwenye mkusanyo uliotengenezwa kwa ajili yao. Mashine za kunasa kipande cha sauti na kukirudiarudia zikaenea, na miaka ya 1990 vijana wa Uingereza wakayakimbiza yale mapigo, jungle, muziki wa dansi wa kasi, ikasimama juu yake.

Malipo? Richard Spencer, kiongozi wa bendi na mwenye hakimiliki, hakujua kwamba mapigo yale yanatumiwa mpaka mwaka 1996. Mwaka 2015 DJ mmoja wa Uingereza alimchangishia, zikapatikana pauni 24,000 hivi. Coleman hakuwepo tena. Alifariki mwaka 2006, hana makao, na mirabaha ya mapigo yale haikumfikia kamwe. Kila nikifika hapa moyo unaniuma kama ni ndugu yangu.

Sikukatazi kuyatumia, nayapenda mno kukukataza. Ila usiku mmoja, kwa ajili yangu, usikate. Uweke wimbo mzima toka mwanzo, na ukifika dakika 1 na sekunde 26, ondoa mikono kwenye mashine, uwaache watu wamsikie. Kisha shika maikrofoni uwatajie jina lake.

Mama yako