Makocha wapya wa mpira wa kikapu, kabla hamjatafuta kocha wa masenta someni hapa kwanza

Swali hili kila kocha mpya analiuliza, eti timu inahitaji kocha maalum wa warefu, yani masenta na wale wanaocheza karibu na ringi? Jibu langu ni kwamba timu nyingi hazihitaji cheo hicho, zinahitaji mtu mmoja kwenye benchi anayejulikana kabisa kwamba huyu ndo anashika warefu, alafu na dakika zao kwenye ratiba ya mazoezi zisiguswe. Anaweza kuwa msaidizi uliyenaye tayari.

Angalieni mazoezi ya kawaida yanavyokwenda. Kudribo kuzunguka koni, shuti za nje, kukimbiza mpira mbele, vyote hivyo vimepangwa kwa ajili ya magadi, yani wale wanaoleta mpira na kucheza mbali na ringi, na mrefu anafuata foleni tu kama wengine. Siku ya mechi ndo anaambiwa "kaa ndani upigane". Apigane na nini sasa, hajafundishwa kupokea mpira akiwa ameipa ringi mgongo, hajui mguu upi autumie kuzungukia, anasimama kwenye eneo la sekunde tatu, lile la chini ya ringi ambalo timu yako ikishambulia huruhusiwi kukaa zaidi ya hapo, mpaka refa anapuliza, akirudi kuzuia anarukia kila feki, yani shuti ya kudanganya, na kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, faulo ya tano unatoka, kwa hiyo kota ya nne anaiangalia akiwa amekaa. Alafu kocha anasema mrefu wetu mvivu. Si mvivu bana, hakuna aliyemfundisha kazi yake.

Na kazi yake inafundishika, hilo lilionekana zamani sana. George Mikan, senta wa Marekani, alikuwa na mita 2.08, miwani usoni na miguu mizito, wengi hawakumwona kama mchezaji. Kocha Ray Meyer alipochukua timu ya chuo kikuu cha DePaul mwaka 1942 akaanza naye: kuruka kamba, ndondi, hadi kucheza dansi ili miguu iwe myepesi, na shuti za karibu kwa mkono wa kulia na wa kushoto, tena na tena. Mpaka leo kuna drili yenye jina lake, unafunga chini ya ringi upande wa kulia, unaudaka mpira kabla haujagusa chini, unahamia kushoto unafunga kwa mkono wa kushoto, unarudi. Kama mrefu wako hawezi kuifanya hiyo bila kushusha mpira kiunoni, msizungumzie danki kwanza.

Kocha mwingine aliyefundisha warefu ni Pete Newell. Mwaka 1976 Kermit Washington, mchezaji wa Lakers kwenye NBA, ligi kuu ya Marekani, alimwomba amsaidie, na kutokana na hapo ikazaliwa kambi ya warefu ambayo wachezaji wa NBA walikuwa wanaenda majira ya joto. Newell umaarufu wake ni wa ukocha, si wa kufunga vikapu, na alichokuwa anakazania ni miguu, miguu, miguu. Nawaambia hivi kwa sababu wengi mnadhani lazima mtafute jitu lililostaafu. Ni kweli Lakers walimchukua senta wao wa zamani Kareem Abdul-Jabbar mwaka 2005 akae na senta chipukizi Andrew Bynum aliyekuwa na miaka 17, na Patrick Ewing, naye senta mstaafu, alikuwa kocha msaidizi Orlando wakati senta Dwight Howard anaifikisha timu fainali ya NBA ya 2009, japo Howard alikuwa tayari nyota kabla Ewing hajafika, kwa hiyo tusimpe sifa zote. Lakini hao wana benchi la makocha kibao, wewe una msaidizi mmoja na pengine ndo huyohuyo anayeshika na saa ya mechi.

Sasa hatari yake, na hapa ndo naomba mtulie. Ukishamweka mtu wa warefu, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuwapeleka ringi ya pili, peke yao, mazoezi yote. Wanarudi wanajua kugeuka vizuri kabisa ila hawajapokea pasi hata moja kutoka kwa gadi wao, na gadi naye hajui senta anautaka mpira mkono gani. Skrini, yani mmoja anasimama kumziba mzuiaji ili mwenzake apite, inafanywa na watu wawili, pasi ya ndani ina mtoaji na mpokeaji, huwezi kufundisha nusu yake ukategemea nusu ya pili itokee yenyewe. Mimi naona nusu ya dakika hizo magadi wawepo. Na Kobe Bryant mwaka 2009 alimfuata Hakeem Olajuwon, senta mstaafu, kujifunza michezo ya ndani, Kobe alikuwa gadi jamani, kwa hiyo msiseme hayawahusu.

Ugomvi mwingine ni kwenye kuzuia, kocha mkuu anataka senta abaki nyuma skrini ikipigwa, mtu wa warefu anamfundisha atoke ambane mwenye mpira, dogo anabaki katikati hajui amsikilize nani, na timu inafungwa kirahisi kabisa. Kaeni chini mkubaliane kabla ya msimu.

Alafu msiwafungie warefu chini ya ringi tu. Senta Brook Lopez kwa misimu yake minane ya kwanza NBA alifunga pointi tatu mara 3 tu, msimu wa 2016–17 akafunga 134. Nikola Jokić, senta pia, amekuwa MVP, yani mchezaji bora wa ligi, mwaka 2021, 2022 na 2024 na pasi zake ndo zinazoendesha timu. Na mtoto mrefu wa miaka 13 msimpe usenta wa kudumu, wenzake wanaweza kumpita urefu baadae na hapo atakuwa hajui kudribo. Olajuwon mwenyewe kabla ya kikapu alicheza handiboli na kudaka golini kwenye soka, ile miguu haikuanzia kwenye kikapu.

Wa kuajiri kabisa? Kama mchezo wenu mwingi unapitia ndani, au mmepata mrefu aliyeanza kikapu ukubwani na kocha mkuu alikuwa gadi maisha yake yote. Nje ya hapo mwalikeni mtu kipindi ligi imesimama, inatosha. Na akija kuomba kazi msimwombe awaonyeshe mbwembwe zake, mpeni senta mmoja na gadi mmoja, robo saa, nyie kaeni pembeni muangalie gadi naye ameondoka na nini.