Umemziba uso, karatasi inamtaja

SWALI: Tupo watatu, tunatengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mtumishi wa hapa Iringa aliyetueleza jinsi fedha za ofisi yao zilivyotafunwa. Uso tumeuwekea ukungu, sauti tumeifanya nzito. Nyaraka alizotupa tutazionyesha. Inatosha? – Msomaji, Kihesa

JIBU: Haitoshi, na uso ndio tatizo dogo. Anzeni na karatasi. Mwaka 2017 Reality Winner, aliyefanya kazi ya mkataba kwa NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, alichapa ripoti ya siri na kuituma kwa chombo cha habari. Wanahabari wakaonyesha nakala serikalini ili kuihakiki. Nakala ilikuwa na alama za mikunjo, maana yake ilichapwa ikatolewa nje kwa mkono. Kumbukumbu za kompyuta zikaonyesha waliokuwa wameichapa ni watu sita tu, na mmoja wao, Winner, aliwahi kukiandikia chombo hicho barua pepe kwa kompyuta ya kazini. Mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 63 jela.

Tena, printa nyingi za leza za rangi huacha vinukta vya njano visivyoonekana kwa macho, vyenye namba ya printa na hata saa ya kuchapa. Kwa hiyo msiionyeshe karatasi yenyewe. Chapeni upya aya mnayoihitaji, kwenye kompyuta yenu, si steshenari ambako faili hubaki. Kabla ya hapo muulizeni: waraka huu mliupata wangapi? Akisema watatu, achaneni nao, tafuteni ushahidi mwingine.

Sauti iliyoshushwa kwa programu hupandishwa kwa programu hiyohiyo. Tena lafudhi haiguswi: kama ofisini Mnyakyusa ni mmoja, sentensi mbili zinatosha kumtambua. Mpeni mtu mwingine ayasome maneno yake, na muondoe misemo aliyoizoea.

Ukungu nao huwekwa baada ya kurekodi, hivyo video yenye uso wake bado mnayo kwenye kadi. Afadhali msimrekodi uso kabisa. Taa ielekezwe ukutani nyuma yake, yeye abaki kivuli, kisha kwenye kuhariri pandisheni mwangaza hadi mwisho. Pua ikianza kuonekana, rudieni. Na fungeni pazia. Jiwe la Gangilonga likionekana dirishani, mwenyeji wa Iringa hahitaji zaidi kujua mmekaa upande gani.

Picha alizopiga kwa simu zina tarehe, aina ya simu na, kama GPS ilikuwa imewashwa, mahali. Zikitumwa WhatsApp kama picha, sehemu kubwa ya hayo hufutika. Zikitumwa kama dokumenti, yote yanakuja.

SWALI: Katika filamu ya hali halisi Citizenfour, kwa nini Edward Snowden, aliyevujisha siri za NSA, anajifunika kitambaa chekundu kichwani pamoja na kompyuta? Ni woga? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Alikuwa anaandika nywila. Chumba cha hoteli kinaweza kuwa na kamera juu ya dari, na nywila ikionekana ikiandikwa, usimbaji wote, yaani kuyafunga mafaili kwa fumbo, umekwisha. Kwa sababu kama hiyo alichomoa simu ya hoteli: simu inayopita kwenye mtandao wa kompyuta inaweza kugeuzwa kisikilizio hata mkono wa simu ukiwa umewekwa chini. Mwongozaji wa filamu hiyo, Laura Poitras, aliyarekodi hayo Hong Kong, Juni 2013, na filamu ikapata Oscar 2015. Wanaomcheka ndio hao wanaobonyeza PIN ya M-Pesa kwa wakala huku foleni nzima ikichungulia.

SWALI: Sheria inamlinda mtoa taarifa? – Msomaji, Makambako

JIBU: Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, lakini inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Kuongea mbele ya kamera ni jambo jingine, na waraka ukiwa na muhuri wa SIRI, Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inamgusa aliyeutoa na aliyeupokea. Mwoneni wakili kabla ya kuupokea. Kwa rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113, ila asipige kwa simu ya ofisi.