Homa ya mafua kaunta ya duka la dawa: mmeuliza, nawajibu

Mteja anataka antibayotiki ya mafua, nikimnyima anaenda duka la jirani. Nifanyeje?

Jamani hili swali haliishi. Hiki ni kirusi, amoxicillin haikigusi. Badala ya kubishana naye muulize imeanza lini na imeanzaje, maana mafua ya kawaida yanakuja taratibu, pua na koo tu na mtu bado anadunda, ila homa ya mafua inamwangusha mtu ghafla, asubuhi mzima jioni hoi, mwili wote unauma na kikohozi kikavu juu. Akikwambia imeanza jana, na ni mjamzito, au ana miaka 65 na kuendelea, au ana pumu, kisukari au moyo, au mgonjwa ni mtoto mdogo, usimuuzie dawa ya kikohozi ukamwacha aende zake, mtume kwa daktari leo leo, kwa sababu oseltamivir, dawa ya kupambana na kirusi hiki, inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Anayehema kwa shida au amechanganyikiwa huyo ni hospitali moja kwa moja. Na yule ambaye homa ilishuka halafu ikarudi kwa kasi pia aonwe, huyo huenda kweli bakteria wameshaingia kwenye mapafu.

Saa 48 zikipita ndio basi?

Hapana. Aliyelazwa au aliye kwenye kundi la hatari bado anapewa oseltamivir. Mtu mzima ni 75 mg mara mbili kwa siku, siku 5, ameze na chakula maana inachefua. Mwenye figo mbovu dozi inapunguzwa, mtoto unaangalia kilo. Baloxavir, dawa nyingine ya kirusi hiki, ni dozi moja tu ila asinywe na maziwa wala antasidi (dawa za kupunguza asidi tumboni). Zanamivir, nayo ya kirusi hiki ila ya kuvuta kwa mdomo, usimpe mwenye pumu.

Watu wanasema chanjo ndio inawaletea mafua.

Ya sindano haina kirusi hai, haiwezi. Kinachotokea ni mkono kuuma na kahoma ka siku moja mbili, halafu kinga inachukua kama wiki 2 kujijenga, sasa mtu akiambukizwa katikati hapo lawama zote kwa sindano 😅. Mjamzito anachomwa mimba ikiwa na umri wowote, ya puani ndio hapewi kwa sababu ile ina kirusi hai kilichodhoofishwa.

Friji ilizidisha baridi usiku, chanjo zikaganda kidogo. Zimeshayeyuka, nitumie?

Usitumie! Ni nyuzi 2 mpaka 8, na ikishaganda imeharibika hata kama ukiiangalia iko safi kabisa. Zitenge, ziandike zisitumike, na kuanzia leo usizibananishe na ukuta wa friji.

Mtoto ana homa, mama anataka aspirini.

Hapana kabisa, mtoto mwenye homa ya mafua akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo. Mpe paracetamol kwa kilo zake. Na huyo mama mwenyewe mwangalie mikononi, utakuta kashika paketi ya paracetamol huku, na kule dawa ya mafua ya mchanganyiko ambayo nayo ina paracetamol ndani, na hajui. Mtu mzima mwisho gramu 4 kwa saa 24, kwahiyo geuza boksi, muoneshe kwa kidole palipoandikwa, kisha umuuzie moja.