Baridi ya Lushoto na nguo za kulalia za Nasra

Mtu wa Tanga mjini akikwambia leo kuna baridi usimwamini. Sisi upepo wa kusi ukivuma kidogo tu mwezi wa saba tushatoa masweta, mtoto kavalishwa kofia mpaka puani, na kumbe nje ni nyuzi 22. Mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka nikaolewa na Msambaa, mtu wa milimani kule Lushoto. Ukitoka Tanga unapita Muheza, Segera, Korogwe, mpaka Mombo bado unajipepea, halafu gari inaanza kupanda zile kona, kilomita thelathini na kidogo, ukifika Soni dirisha ushalifunga mwenyewe bila kuambiwa. Lushoto iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa nyuzi 6 hivi, kwahiyo piga hesabu, na hapo sijaweka usiku wa Julai na ule ukungu unaoingia mpaka chini ya mlango.

Mwaka jana tulienda kwa wakwe wiki mbili, mwanangu Nasra akiwa na mwaka na nusu. Makosa yote ya nguo za kulalia ambayo mama anaweza kuyafanya niliyafanya ndani ya wiki moja, ndo nayaandika hapa maana najua Julai ikifika mtapanda wengi.

La kwanza ni lile pajama la manyoya. Nililiona dukani mjini likanivutia, la pinki, lina masikio ya sungura, ukilishika ni laini kama paka, nikasema hili ndo la baridi. Poliesta tupu. Usiku wa kwanza nikamvalisha, saa sita nikamshika mkono, wa baridi, nikaongeza sweta, nikaongeza blanketi. Saa tisa analia. Nakuja kumshika mgongo umelowa chapa, nywele zimegandana kwenye paji la uso, nikamfungua, na lile jasho likapoa mwilini palepale mtoto akaanza kutetemeka kweli. Asubuhi shingo imejaa vipele. Mama mkwe akamwangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mama Nasra, huyu mtoto umempika."

Nilijitetea kwamba mikono ilikuwa ya baridi. Akacheka. Mikono na miguu ya mtoto mdogo inapoa upesi hata kama yeye mwenyewe yuko sawa, usipime huko. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo au kifuani, pakiwa pa moto na pakavu yuko vizuri, pakiwa na unyevunyevu mpunguzie. Na poliesta hainyonyi jasho, inalifungia ndani, kwahiyo isiwe ndo nguo inayogusa ngozi. Ndani weka pamba, fulana ya mikono mirefu na suruali ya pamba inayobana kidogo, juu yake ndo uongeze kitu cha uzi au sufu. Nguo mbili nyembamba zinashinda moja nene kwasababu hewa iliyo katikati ndo inayotunza joto, na ukikuta jasho unavua moja badala ya kumvua yote.

Kosa la pili ndo lilinitisha hasa. Baada ya ile habari ya jasho mama mkwe akasema ngoja, akafungua sanduku lake la chini ya kitanda, akatoa sweta la sufu alilofuma mwenyewe mume wangu akiwa mdogo, zuri wallahi, kijani na vifungo vya mbao. Likanuka vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, naftalini, ile harufu ambayo wengi wetu tumekua nayo tukiipenda, inanuka kabati la bibi. Nikamvalisha na kulala naye. Kesho yake tuko kliniki kwa ajili ya vipele, nesi kumpokea tu mtoto akanusa, akaniuliza hii nguo imetoka wapi, akaanza kuniuliza mambo ambayo sikuyaelewa, mkojo wake wa rangi gani, akamvuta jicho chini akaangalia weupe wake.

Nasra hakuwa na kitu, alhamdulillah. Lakini alivyonieleza nilikaa chini. Kuna watoto wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya fulani kwenye damu kinaitwa G6PD, unarithiwa, na sehemu kama zetu ambazo zimeishi na malaria vizazi na vizazi si jambo la ajabu kumkuta mtoto wa hivyo, na mzazi hana habari mpaka siku itokee. Mtoto huyo akivuta mvuke wa naftalini au ngozi yake ikainyonya, chembe nyekundu za damu zinapasuka, anapauka, macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Na ngozi iliyopakwa mafuta inainyonya zaidi! Sasa sisi wa pwani mtoto tunampaka mafuta ya nazi mpaka anateleza halafu ndo tunamvalisha nguo ya sandukuni. Umoja wa Ulaya walishaipiga marufuku mwaka 2008 na huku kwetu kidonge bado kinalala katikati ya nguo za kichanga kama mapambo.

Kwahiyo nguo yoyote iliyolala na vile vidonge, iwe ya bibi, iwe ya jirani, itoe nje ianikwe upeponi na juani siku kadhaa, uifue, uinuse, uianike tena. Kama harufu bado ipo usimvalishe, hata kama aliyekupa atanuna. Na mkiona mtoto amepauka ghafla au mkojo umekuwa mweusi msikae nyumbani kumpa chai ya tangawizi, ni hospitali, na mtaje hivyo vidonge msisubiri kuulizwa.

Kilichonichekesha baadae ni kwamba kabla ya safari kemikali niliyokuwa naiogopa ilikuwa nyingine kabisa. Shoga yangu aliniambia nisinunue mitumba ya kulalia ya Marekani, zimelowekwa dawa ya moto, zinaleta kansa, nikaziacha pajama nzuri za elfu mbili mbili pale Ngamiani nikaenda kununua lile sungura la elfu kumi na nane. Niliporudi nikaanza kusoma. Kumbe ana ukweli wake ila ni ukweli wa umri wa mama yangu. Miaka ya 70 Marekani waliweka sheria kwamba nguo za kulalia za watoto zisishike moto kirahisi, viwanda vikawa vinatia kitambaa dawa inaitwa Tris, halafu wataalamu wawili, Arlene Blum na Bruce Ames, wakaandika kwamba ile dawa inaharibu vinasaba, na 1977 ikapigwa marufuku kwenye nguo za watoto. Kisha 1996 wakalegeza, nguo ya pamba isiyo na dawa ya moto ikaruhusiwa mradi iwe inabana mwili.

Sasa ukienda kwenye mitumba geuza lebo ya shingoni. Ukikuta imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hii nguo haizuii moto na ivaliwe ikiwa inabana, wengi wanaitupa wakidhani ina kasoro. Shoga, hiyo ndo ya kuchukua! Maana yake ni nguo ya kawaida isiyotiwa ile dawa. Za Uingereza nazo zina maandishi mekundu ya kuonya uiweke mbali na moto, nazo zinasema jambo karibu na hilohilo. Za kuziangalia mara mbili ni zile pana za poliesta, magauni ya kulalia yanayopepea.

Na hilo la kubana msilichukulie poa kwasababu moto unataka hewa, nguo pana ina hewa chini yake, inawaka upesi kuliko iliyolala kwenye ngozi. Huko Marekani wanazungumzia jiko la umeme, sisi umeme ukikatika kuna mshumaa, kuna koroboi, kuna jiko la mkaa linaotwa sebuleni na mtoto anazunguka na gauni la dada yake linaloburuza. Najua mnanunua kubwa ili akue nayo, hata mimi. Za kutokea nunua kubwa, ya kulalia iwe saizi yake. Kamba za shingoni kata zote usiku huohuo.

Kama lebo imekatwa au imeandikwa lugha usiyoijua, kuna kitu fundi wangu wa barabara ya kumi na mbili alinionyesha. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo kwa ndani, akaushika na koleo dogo, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba ukaungua kama karatasi, ukabaki majivu ya kijivu ambayo ukiyagusa yanapotea. Akachukua wa lile pajama la sungura (nilikuwa nimelipeleka akalikate liwe la mdoli), ukajikunja, ukayeyuka, ukanuka plastiki, mwisho ukaacha kidonge cheusi kigumu kama mbegu. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Fanyeni mbali na nguo zenyewe na mbali na mtoto, tafadhali, na muuzaji mumuombe kwanza asije akawafukuza.

Nguo mpya nazo zifuliwe kabla ya kuvaliwa. Vitambaa vingine vinatiwa fomaldehaidi kiwandani visikunjamane, na rangi za ziada zinatoka kwenye maji ya kwanza, utaona mwenyewe beseni linavyobadilika. Mimi natumia sabuni ya mche, nasuuza mara tatu, sitii yale maji ya kulainisha yenye marashi. Nikikuta alama ya OEKO-TEX nafurahi, maana hao wanapima kitambaa kama kina kemikali za kudhuru na kiwango chao cha watoto wa chini ya miaka mitatu ndo kikali zaidi, ila sijawahi kuizungukia soko zima kwa ajili hiyo. Zikikauka nje zipigwe pasi mpaka kwenye mishono, kuna inzi anataga kwenye nguo yenye unyevu na lava wake anaingia kwenye ngozi, kama hujawahi kuona usiombe kuona.

Chandarua chenye dawa hakimo kwenye haya ninayoyasema. Kuna mama aliniuliza kama nacho akitoe kwasababu anataka mtoto asiguswe na kemikali, nikamwambia dada malaria haina lebo. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama mtoto analia baridi, hata kama mkaa umeshaiva hautoi moshi. Ule usiotoa moshi ndo unaoua watu usingizini.

Mwaka huu tumepanda na mfuko wa kulalia wa mtumba, wa Uingereza, una zipu na mikono imeachwa wazi, lebo yake imeandikwa tog 2.5, tog ni kipimo cha jinsi nguo inavyotunza joto, na hiyo ni ya chumba cha nyuzi 16 mpaka 20, na ndani yake Nasra anavaa pamba ya saizi yake basi. Blanketi alikuwa analipiga teke kila saa, mfuko hawezi kuupiga teke. Sanduku la mama mkwe sasa lina karafuu kavu zimefungwa kwenye vipande vya kanga, na lile sweta la kijani limekaa juani wiki nzima limekuwa halinuki kitu, analivaa mchana.

Kilichobaki ni kofia. Nimemweleza mama mkwe kwamba mtoto akilala ndani hatakiwi kofia, kichwani ndo anapopumulia joto, na ikimshukia usoni ni hatari. Ananisikiliza vizuri, "sawa mwanangu." Namvua, nazima taa, nalala. Nikiamka alfajiri kofia ipo kichwani imefungwa fundo.